Nilivyokufa Mahajanga

Mara ya kwanza nilipolala maiti mbele ya watu, kuku alinipanda kifuani. Ilikuwa Nosy Sakatia, kisiwa kidogo kilicho ng'ambo tu ya kwetu Nosy Be, na jukwaa letu lilikuwa uwanja wa mchanga uliofagiwa asubuhi ile. Nimekufa, mke wangu analia, watu wametulia kama wako msibani kweli, ndipo yule kuku akatoka alikotoka, akanipanda, akatembea mpaka shingoni, akasimama kunitazama. Nasema alinitazama kwa sababu nilimwona. Nilikuwa nimefumbua jicho.

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Mke wangu wa jukwaani, mama wa makamo kutoka nyanda za juu ambaye sijapata kuona mtu anayelia vizuri kama yeye, akajifunika shuka usoni ili naye acheke. Mchezo haukuinuka tena. Aliyebaki na uso mkavu ni kiongozi wa kundi letu peke yake. Tulimwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa amefundisha shule huko juu miaka mingi kabla ya kuacha chaki na kushika maigizo. Alingoja watu watawanyike, akaja kusimama mbele yangu, akaongea polepole kama anayeandika ubaoni.

"Kundi lina nafasi moja ya kudumu," aliniambia. "Nilikuwa nimekuwekea wewe. Ukifumbua jicho tukifika mjini Mahajanga, nitatafuta mwingine hukohuko, nawe utarudi kwa baba yako kwa meli ileile itakayokupeleka."

Sikulala raha siku zile. Nafasi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na naomba msomaji asidhani natia chumvi. Ilikuwa nafasi ya mwigizaji wa mshahara, wa kuzunguka na kundi pwani yote mpaka nyanda za juu, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka. Kwetu hapakuwa na mtu aliyefanya kazi hiyo. Palikuwa na wavuvi, wachuma maua ya langilangi, wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, wenye maduka, na mafundi cherehani kama baba yangu. Mtu wa kulipwa kwa kujifanya mtu mwingine hatukuwa hata na jina lake.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bendera ilikuwa mpya mno hata watu walisimama wima mbele yake ikiwa imeanikwa kukauka. Baba alishona nyingi, na mimi nilikaa pembeni kushona vifungo na kuwaigiza wateja wakishatoka: yule anayevuta tumbo ndani akipimwa kiuno, yule anayebisha bei huku keshaivaa suruali. Baba alicheka na kunigombeza kwa pumzi moja. Nyumbani yeye alituongelesha Kikomoro, mama Kisakalava, shule ilitupa Kifaransa. Kiswahili hiki ninachoandikia nimekijua ukubwani, kazi iliponipeleka mbali, ingawa maneno yake ya dini na ya bahari nilikuwa nayo tangu utotoni bila kujua ni ya nani.

Kundi lilipofika Nosy Be kwa sherehe za bendera, lilikuwa limepungukiwa. Mwigizaji wao mkuu alikuwa amepata mke njiani akakataa kuendelea na safari. Mwalimu aliingia dukani kwetu kupunguziwa suruali ya jukwaani, na katika mazungumzo akamuuliza baba kama anamfahamu kijana anayejua kusoma na asiye na haya. Nilijibu kabla baba hajainua mguu kutoka kwenye cherehani. Baba akaniangalia, akaangalia ile suruali, akasema kwamba ataninunulia safari moja: niende mpaka Mahajanga, nikirudi bila kazi cherehani ya pili iliyo kando ya yake ni yangu, na maneno ya maigizo yaishe. Sikuwa na chuki na cherehani. Ila nilipoitazama siku hiyo niliona maisha yangu yote yamekaa juu ya kiti kimoja.

Mama ndiye aliyeleta ugumu. Mchezo wa Mwalimu ulikuwa wa mkata miwa anayewashawishi watu wa vijiji viwili vyenye ugomvi wachimbe kisima pamoja, naye anakufa kabla maji hayajatoka. Nilikuwa nakufa mapema, kisha nalala mkekani sehemu yote ya mwisho wenzangu wakisema juu yangu. Mama alisema kulala maiti ukiwa mzima ni kujiitia mauti. Tulizungumza naye jioni nzima mpaka akakubali, kwa sharti kwamba kila ninapokwenda kufa nipige shahada kimoyomoyo kwanza. Nimelishika sharti hilo maisha yangu yote ya kazi.

Baada ya aibu ya Sakatia nilijifungia kufanya mazoezi ya kufa. Mwalimu alinifundisha kwamba maiti wa jukwaani hazuii pumzi, maana akizuia itamtoka kwa kishindo. Anaipeleka mgongoni, chini, polepole, tumbo lisijue. Nililala juu ya meza ya baba ya kukatia vitambaa na gilasi ya maji juu ya kitovu. Mteja mmoja aliingia, akanikuta vile, akatoka bila salamu, akarudi na majirani. Baba aliwapokea bila kuacha kushona, akaniuliza kama nimeshamaliza kufa nimpe mkasi.

Nilijifunza mengine pia, na kila nililojifunza lilinichangamsha kama mtoto aliyepewa nguo ya sikukuu. Kufika kabla ya wote na kulitembea jukwaa mpaka miguu ilizoee. Kujua maneno ya kila mtu. Kuitoa sauti chini ya kitovu imfikie yule aliyekaa nyuma kabisa anakula karanga, tena imfikie bila kumpigia kelele. Kumbe ile tabia yangu ya dukani, iliyonifanya nigombezwe, ilikuwa na mafundi wake na sheria zake kama ushonaji. Nilipolijua hilo nilitamani kukimbia barabarani kumwambia kila mtu.

Jambo moja tulibishana na Mwalimu kabla ya kuondoka. Mwanzo wa mchezo, yule mkata miwa anasimama mbele ya watu kuzungumza, na Mwalimu alikuwa amemwandikia aseme tu kwamba yeye ni mtoto wa nchi hii. Watu wa Sakatia waliposikia hivyo walianza kuulizana kwa sauti: wa wapi huyu, wa nani? Kwetu mtu hasimami mbele za watu akaanza kutoa ushauri kabla hajasema ukoo wake. Mwalimu akasema ameacha makusudi, sasa sote ni taifa moja. Nikamwambia taifa litasikiliza vizuri zaidi likijua anayeongea ni mtoto wa nani. Alifikiri siku mbili tatu, akakubali. Aliniruhusu nitaje ukoo mmoja, mara moja, basi. Nikachagua ukoo wa mama yangu, kwa kuwa ulikuwa mdomoni tayari na ningeusema kwa kujiamini.

Mimi wala yeye hatukuwaza zaidi ya hapo.

Mahajanga ilinilewesha. Nilitoka melini nikiumwa kwa mawimbi, lakini nilipoona magari ya kuvutwa kwa mkono yakipishana, maduka ya Wahindi, misikiti, na Wakomoro wengi hata nikasikia lugha ya baba kila kona, nilisahau ugonjwa. Tulipanga mtaa wa Tsaramandroso, kwa jamaa wa baba, nyumba ya mabati yenye ua. Asubuhi nilitembea mji nikiwatazama watu wanavyosimama, wanavyobeba, wanavyokasirika, nikiweka yote akibani. Mwalimu alikuwa amekodi ukumbi wa sinema kwa Jumapili alasiri. Viatu vyangu vilikuwa vimeachama vidoleni, kwa hiyo akaniazima vyake vyeusi vya Jumapili nivae jukwaani, yeye akavaa ndala.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye vijia. Nilichungulia nyuma ya pazia, nikajisikia nina bahati kuliko watu wote mle ndani. Pazia likafunguliwa. Nikasimama, nikajaza mgongo pumzi, nikautaja ukoo wa mama yangu.

Kutoka katikati ya ukumbi ikasikika minong'ono, kisha kicheko kifupi cha wanawake watu wazima. Nilidhani ni mapokezi mazuri. Nikaendelea, mchezo ukaenda kama maji. Watu walikasirika palipotakiwa hasira, wakanyamaza palipotakiwa kimya. Nilipoanguka na kufa, mtu mmoja mbele alisema "maskini" kwa sauti ya chini. Nikapiga shahada yangu, nikafumba macho, nikapeleka pumzi mgongoni, nikajiambia kazi iliyobaki ni kulala tu.

Ndipo nikasikia mbao za ngazi ya jukwaa zikilia chini ya miguu isiyo ya wenzangu.

Anayejua utani wa misibani hahitaji kuelezwa kilichofuata. Kwa Wasakalava koo zina watani wao, wao husema ziva, na mtani akifiwa wewe unakwenda msibani kuchokoza: unamsema marehemu, unamnyang'anya vitu, unazuia mazishi mpaka wenye maiti wakujibu vizuri na kukupa chochote. Ni haki na ni wajibu. Watani wa ukoo wa mama yangu hawako Nosy Be. Wako upande huu, Mahajanga na vijiji vyake, na nilikuwa nimewasikia tangu nikiwa mdogo, walipokuja kumchokoza bibi yangu aliyekufa. Lakini kwamba nimetaja ukoo ule mbele yao, kisha nikafa machoni mwao, hilo halikunijia kichwani hata kidogo.

Walikuwa kina mama wa umri wa bibi zangu. Walijua sana kwamba huu ni mchezo. Baadaye mmoja wao aliniuliza wangewezaje kukaa wamekunja mikono, mtani amelazwa mbele yao, na mji mzima unawatazama? Mkubwa wao akainama juu yangu, nikasikia harufu ya tambuu, akaanza kwa sauti iliyofika nyuma kuliko ya yeyote katika kundi letu.

"Mlafi huyu amekufa kwa mihogo ya watu. Mzikeni kifudifudi, asije akanusa vyungu vyetu."

Ukumbi ukalipuka. Mwingine akanifinya paja kuangalia kama nimenona. Mwingine akanivuta pua. Kicheko kilinijaa kifuani kikitafuta pa kutokea, nikakisukuma mgongoni pamoja na pumzi. Niliwaza jicho langu, nikawaza kile kiti cha pili dukani kwa baba. Nikawa jiwe. Nao kadiri nilivyokuwa jiwe ndivyo walivyozidi, kwa sababu mtani asiyejibiwa haendi nyumbani, na wenzangu wote jukwaani walikuwa wa nyanda za juu, wamesimama wameduwaa, hawajui kwamba wao ndio wafiwa na wao ndio wanaosubiriwa.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Alifanya alichojua kufanya: alijiangusha juu yangu akalia, shuka lake likatufunika nyuso zote mbili. Ndani ya kilio akaninong'oneza, "Wanataka nini hawa?"

Nikamjibu bila kusogeza mdomo, maneno yakitoka kama mluzi. "Watani. Uwajibu kwa matusi, halafu uwape kitu."

"Kitu gani?"

"Viatu."

Mama yule alikuwa mwigizaji. Aliinuka polepole, akajifuta machozi, akawatazama wale bibi mmoja mmoja mpaka ukumbi ukatulia. Akasema kwamba anawashukuru kwa kuja, maana mume wake aliwahi kumwambia hawaji msibani ila wakinusa wali. Watu walipiga mapaja. Akanivua viatu vya Mwalimu, kimoja baada ya kingine, akawakabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Chukueni viatu, mtuachie miguu tukaizike."

Basi ikawa imekwisha, kama mlango unavyofungwa. Yule mkubwa akavipokea, akavifunga kiunoni kwa kamba zake, na palepale akaanza kulia, kilio cha kweli, kile cha kuimba. Wenzake wakamwitikia. Ukumbi mzima ukashuka moyo nao. Niliwasikia wanaume wazima wakivuta kamasi. Nilikuwa nimekufa mara nyingi kwenye mazoezi, lakini sijapata kuliliwa vile, nami machozi yakanijaa nyuma ya kope, na kope sikuzifungua.

Ila watani wakishapewa chao hawaishii kulia. Wanabeba. Nikajisikia nainuliwa na mkeka wangu, mikono mingi chini ya mgongo, nikashushwa ngazi, nikapitishwa kwenye kijia cha katikati, mlango ukafunguliwa, na jua la alasiri likanipiga usoni. Tulikuwa barabarani. Watu wote walikuwa wametoka nyuma yetu wakiimba. Nikasikia magurudumu yakisimama, wavuta magari wakiuliza nani amefariki. Jua lilikuwa kali na kope zilikuwa nyekundu kwa ndani, inzi akatembea mdomoni mwangu kwa raha zake. Hakuna aliyeniambia kwamba mchezo umekwisha, na mimi nilikuwa nimeajiriwa kufa mpaka pazia.

Wakanilaza kwenye kivuli cha ukuta. Mke wangu alikuwa amefuata akiwa bado mjane, na alipoona watu wametuzunguka akasema hotuba yake ya mwisho hapohapo, ile ya vijiji viwili kunywa kisima kimoja. Ukumbini ilikuwa ikisikika kama darasa. Barabarani, mbele ya watani walioshika viatu na wafiwa waliotukanwa, ilisikika kama habari yao wenyewe. Alipomaliza, makofi yakaanzia nyuma.

Nikasikia ndala zikija mbio.

"Pazia," alisema Mwalimu, anahema. "Pazia limefungwa. Inuka."

Ndipo nilipofumbua macho. Watoto wakakimbia huku wanapiga mayowe. Nikaketi mkekani, miguu mitupu, nikamtazama Mwalimu nikisubiri hukumu. Alichuchumaa mbele yangu, akauliza ni nini kile nilichomletea. Nikamweleza utani, na ukoo wa mama yangu, na viatu vyake, ambavyo havirudi maana alichochukua mtani hadaiwi. Akauliza kwa nini sikumwonya mapema. Nikamjibu ukweli: kwetu hakuna anayefikiria kumweleza mtu utani, kama vile hakuna anayemweleza mtu kwamba chakula kinaliwa kwa mdomo.

Upande wa pili wa barabara yule bibi alikuwa anawaonyesha wenzake soli za viatu vyake.

"Nilikaa mstari wa mbele," akasema hatimaye. "Tangu walipopanda sikuwatazama wao, nilitazama tumbo lako. Halikupanda hata mara moja. Nimefundisha watu wengi, na hilo sijaliona." Akasimama, akajipangusa suruali. "Nafasi ni yako. Kesho alasiri tunacheza Belobaka, nje kidogo ya mji."

Nilitaka kuruka. Nilitaka kumkumbatia, kumkumbatia na bibi mwenye viatu, kumpigia kelele baba ng'ambo ya maji yote yale. Lakini kitu kilikuwa kimenibadilika pale mkekani, na nilijishangaa nikimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni nani atakayeninunulia viatu vya jukwaani, maana mwigizaji wa kudumu hawezi kuzunguka nchi nzima na vya kuazima. Mwalimu aliangalia ndala zake. Akasema kundi litanunua. Akasema pia kwamba huko Belobaka nautaja tena ukoo uleule, na safari hii wote watafundishwa la kujibu.

Asubuhi yake nilitoka Tsaramandroso kutafuta chai. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vilivyoachama na kifua kimejaa furaha mpaka nikashindwa kutembea taratibu. Mama mmoja muuza vitumbua, ambaye sikuwa nimemwona kabla, aliinua uso kutoka kwenye kikaango, akaacha kijiko.

"Wewe si yule marehemu wa jana?"

Nikamwambia ndiye mimi. Akanipa pole ya msiba, kwa heshima kamili, akauliza kama sasa najisikia nafuu.

"Sijambo, mama," nikamwambia. "Leo alasiri nakufa tena, Belobaka. Ndiyo kazi yangu."

Maneno hayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote kabla ya siku ile. Yeye aliyapokea kama ningemwambia nashona au navua. Akanifungia vitumbua vyangu kwenye jani, kisha akauliza gari la kwenda Belobaka linaondokea wapi.